Sijafa, Kilichokufa ni Wigi

Najua mmeshaiona ile klipu. Shoga yangu kairusha kwenye grupu la ukoo hata sijakauka, na maneno chini: "Zambezi imemnyoa." Mama mdogo kashapiga simu mara tatu. Haya, sikieni na upande wangu.

Tulikwenda kushuka mto Zambezi kwa boti la mpira, kwenye maji makali. Helmeti niliambiwa niikaze. Nikalegeza kamba makusudi, maana wigi la laki nne huligandamizi kama maembe kwenye tenga na picha bado hujapiga. Mnaocheka, hamjawahi kulipia nywele kwa awamu.

Mwanzo niliyaweza. Maporomoko ya huko yana namba; namba 9 hawapitishi abiria, tukateremka, tukaambaa na mawe kwa miguu. Nikarudi botini najiona mwenyeji wa mto. Ikaja namba 18, wenyewe wanaiita Oblivion. Ina mawimbi matatu. La kwanza tukalipanda. La pili tukashangilia, mjinga mimi ndiye niliyepiga vigelegele.

La tatu lilisimama kama ukuta. Boti nalo likasimama wima, nikamwona shoga yangu juu yangu, kisha chini yangu, kisha simwoni. Huko chini giza, maji yananiingia puani kama yametumwa. Nikakumbuka madeni yangu yote, hata ya vikoba. Nikaibuka, kichwa chepesi.

Chepesi mno.

Mbele yangu helmeti inaelea, na pembeni yake nywele zangu, zimetandaa juu ya maji. Kijana wa kayaki, yule wa kuokoa watu, akaja mbio, AKANIPITA. Mimi napunga mikono, yeye anafukuza wigi! Akalifikia. Akalishika taratibu, kwa adabu zote, akavuta. Likaja lenyewe. Jamani, yowe alilopiga! Korongo zima la Batoka likamwitikia. Kisha akaligeuza, akatafuta uso. Akaligeuza tena. Boti la nyuma likaacha kupiga kafi, watu wameshika vifua.

Mimi huku nimeshatupwa kwenye mawe ya ng'ambo, upande wa Zimbabwe, na kisoksi changu cha kuvalia wigi kichwani, pasipoti iko hotelini Livingstone, Zambia. Wakaja wakanichukua. Kile kilima cha kutokea korongoni sikisimulii, nilipanda kwa magoti.

Picha ya pamoja tulipiga. Yule kijana kasimama mwisho kabisa, hataki hata bega lake liguse langu.

Wigi nimelianika dirishani. Awamu ya mwisho nalipa Ijumaa.