Paka wa Lamu na homa ya Patam

Juzi barazani, baada ya laasiri, mzee mmoja alitusomea kutoka kwenye simu yake habari ya ugonjwa wa paka uliowaangusha watu wazima wenye afya zao huko Amazoni. Kahawa haijapoa, mtu keshasema paka wa Lamu wapunguzwe.

Habari yenyewe si uzushi. Kati ya Desemba 2003 na Januari 2004, toksoplasmosisi, ndio huo ugonjwa wa paka, ilizuka kwa ukali Patam, kijiji cha Suriname, Amerika ya Kusini, karibu na mpaka wa Guyana ya Ufaransa. Visa vilikuwa 11. Alikufa mtu mzima mmoja, mtoto mchanga, na mwingine aliyekuwa bado tumboni. Wale wazima hawakuwa na ukimwi wala maradhi ya kudhoofisha kinga. Ila kimelea chao kilikuwa cha mwituni, cha jamii inayozunguka kwa wanyama wa msitu, jagua na puma, paka wakubwa wa kule, wakiwamo. Na njia zinazoshukiwa kule ni nyamapori isiyoiva na maji ya mto yasiyochemshwa.

Paka ndiye anayetoa mayai ya kimelea hiki, hilo halina ubishi. Lakini hutoa kwa wiki moja hadi tatu tu, anapoambukizwa mara ya kwanza, mara nyingi akiwa bado mdogo na ndiyo kwanza anajifunza kukamata panya. Baada ya hapo, kwa kawaida, basi. Tena kinyesi cha leo hakiambukizi leo: mayai hutaka siku moja hadi tano yakomae. Yule dume mwenye sikio lililochanika, anayengoja matumbo pale wanapopara samaki, huenda zamu yake ilikwisha miaka mingi iliyopita. Mwondoe, na nafasi yake itashikwa na vitoto. Vitoto ndio wenye zamu!

Wenye hofu wana lao. Mjamzito anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kumpitishia mtoto, na kwa hilo paka wa kichochoroni anatosha, hahitajiki jagua. Mayai hukaa udongoni hata zaidi ya mwaka. Nyama iive, mboga na mikono vioshwe, hayo tunayajua.

Mimi kinachonikosesha raha ni majabia. Visiwani mvua hukingwa kwa sakafu pana ya saruji, wazi juu, ikateremkia birikani. Klorini tunayotia majini haiyaui mayai haya, kuchemsha kunayaua. Jabia moja nililopita lilikuwa na ndoo, chupa ya klorini iliyofungwa kamba, na kwenye vumbi la sakafu nyayo za paka zimekwenda moja kwa moja hadi tundu la maji. Sakafu ile ingefagiwa kabla ya mvua, na maji ya kwanza yakaachwa yaende zake. Barazani hakuna aliyeutaja ufagio.