Rangi ya Idi haitibu kutu

Likishaingia kumi la mwisho la Ramadhani, mitaa yetu hunuka rangi. Kuta hupigwa chokaa, mageti hupakwa nyeusi na mikuki yake ya juu dhahabu, na fundi rangi ukimpigia simu hapokei. Na mimi nimo. Miaka minne mfululizo nilimlipa mtu anipakie rangi mlango wa gereji nyumbani kwangu Chukwani, hapa Unguja, na kila mara akimaliza nilirudi nyuma hatua tatu, nikautazama, nikaona nimeutunza.

Mwaka wa tano, usiku, tumekaa kwenye daku, ukapiga mlio wa kutisha. Jirani akatoka na tochi kuangalia nguzo ya umeme, akidhani transfoma imeripuka. Kumbe ni springi ya mlango wangu, imekatika vipande viwili.

Mlango wenyewe ni ule wa vipande vipande, unaopanda juu na kulala chini ya dari, wenye mota na rimoti. Kaka yangu aliye Maskati aliutia kwenye kontena pamoja na makochi na friji. Kwa muda mrefu ulikuwa fahari yangu, ingawa gari yenyewe ilikuwa inalala nje, maana gereji ilishajaa mifuko ya saruji, friza la bi mkubwa na baskeli tatu zisizo na minyororo.

Fundi wa kwanza niliyemwita alikuwa kijana wa kuchomelea mageti. Alipanda ngazi, akaitazama springi ya pili iliyobaki nzima, akachomoa bomba la chuma na kutaka kulegeza boliti. Bahati yake, na yangu, alikuwa amekuja na mzee mmoja wa Fuoni aliyewahi kufanya kazi ya milango hii Dubai. Mzee alimwambia ashuke, tena kwa sauti ambayo sikuitegemea kwa mtu mpole kama yeye.

"Bibi," akanigeukia, "mlango huu haubebwi na mota. Unabebwa na hii."

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nacho. Mlango wa chuma wa gari moja unaweza kuzidi kilo 50, na bado mtoto anaunyanyua kwa mkono mmoja. Uzito wake unachukuliwa na springi iliyokazwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango: mlango ukishuka springi inajikaza, ukipanda inairudisha ile nguvu. Mota ni ya kusukuma kidogo tu. Kwa hiyo springi iliyokazwa ni kama upinde uliovutwa, na anayefungua boliti yake bila kujua anaweza kuvunjwa mkono au kupoteza jicho. Katika kazi zote za mlango huu, hiyo pekee ndiyo nasema mwachie anayeijua. Na anayeijua si kila mwenye mashine ya kuchomelea.

Springi za kawaida hutengenezwa kuhimili kufungua na kufunga mara 10,000 hivi. Nyumba yenye watoto wa skuli inafungua na kufunga mara nne kwa siku: kutoka na kurudi asubuhi, kutoka na kurudi jioni. Piga hesabu, utapata chini kidogo ya miaka 7. Yangu haikufika mitano, kwa sababu ilianza kuoza kabla ya kuchoka.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Sisi tunatunza uso. Tunapaka rangi pale wageni watakapopita, na chuma hakianzi kuharibika hapo. Chumvi ya bahari haingoji wimbi likufikie mlangoni. Upepo wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba, unaileta yenyewe. Ikishatua juu ya chuma inavuta unyevu wa hewa, na chuma kinakuwa kibichi usiku kucha hata kama hakuna mvua. Nje, masika inatusaidia: inakuja kuosha bure. Lakini upande wa ndani, kwenye bawaba, reli, magurudumu, zile waya za pembeni zinazonyanyua mlango, na springi yenyewe, hakuna mvua iliyowahi kufika. Chumvi ya miaka yote hiyo imekaa palepale. Nami miaka minne nimelipia rangi ya nje! Tena rangi iliyopakwa juu ya kutu, ambayo inaificha tu huku ikiendelea kula kwa chini, mpaka siku unagusa unakuta ganda.

Mzee akanambia nioshe kila wiki wakati wa kusi, nje na ndani. Nikatii. Ijumaa iliyofuata nikatoa mpira, nikafungulia pampu ya kisima, nikaosha kwa raha zangu. Aliporudi kufunga springi mpya alinikuta nimo kazini, akachota maji kwa kiganja akanambia: "Onja."

Nikaonja. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Miaka yote tunaoshea vyombo na kufulia, ulimi umezoea. Visima vingi vya karibu na pwani ndivyo vilivyo, na nimejiuliza ni wangapi wanaosha magari na mageti yao kwa maji yale yale yanayoyala. Tangu siku hiyo mlango ni ndoo mbili za maji ya mfereji, yaani ya bomba, au ya mvua tuliyoikinga, sponji na sabuni kidogo, kisha kitambaa kikavu. Mota haimwagiwi maji, wala macho yake, yale mawili ya pembeni nitakayoyaeleza. Ni kazi ya nusu saa, na sijaona fundi anayeweza kunifanyia vizuri kuliko mimi mwenyewe, kwa kuwa hakuna fundi atakayekuja kila Ijumaa.

Mafuta nayo nilikuwa nayakosea. Mlango ukilia, tunachota grisi nzito na kuipakaza kwenye reli mpaka ing'ae. Grisi ya reli inashika mchanga, na mchanga tunao mwingi. Ikichanganyika nao inasaga magurudumu kama msasa. Reli hufutwa kwa kitambaa, basi. Mafuta mepesi yanakwenda kwenye bawaba, kwenye ekseli za magurudumu, na juu ya springi kwa urefu wake wote, kila baada ya miezi mitatu, na karibu na bahari hata kabla ya hapo. Gurudumu likiwa la plastiki halihitaji mafuta, ni ekseli yake tu. Wapo watakaosema kopo la WD-40 linatosha. Jina lile lenyewe linatokana na kufukuza maji, jaribio la 40. Kufukuza maji na kulegeza boliti iliyogoma inaweza, lakini haidumu kwenye chuma kinachozunguka kila siku.

Kuna kipimo kimoja ningependa kila mwenye mlango huu akifanye leo. Funga mlango, vuta kamba ya kuuachanisha na mota, unyanyue kwa mkono mpaka nusu, kisha uachie taratibu, miguu ikiwa mbali. Ukibaki hapo hapo, springi ni nzima. Ukishuka, springi imechoka na mota inabeba mzigo usio wake. Mita ya umeme inajua hilo kabla yako. Kamba hiyo usiivute mlango ukiwa juu na springi imekatika. Utashuka wote kwa mkupuo.

Na hiyo kamba muijue nyumba nzima, siyo baba peke yake. Waliokuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa: miezi mitatu bila umeme kutoka Bara, baada ya ile karibu mwezi mzima ya 2008. Kama gereji haina mlango mwengine wa kuingilia, hakikisha upo ufunguo wa nje wa kuiachanisha mota, vinginevyo siku umeme ukikatika gari itabaki kuwa ya kutazamwa.

Macho ni yale mawili madogo yaliyofungwa pembeni, sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, yanayouzuia mlango usimshukie mtu. Marekani iliyalazimisha yawepo, au kinga nyengine kama hiyo, kwenye mota mpya tangu 1993, kwa sababu watoto walikuwa wakifa chini ya milango. Yafute vumbi na utando wa buibui. Kisha mlango ukiwa unashuka pitisha fimbo ya ufagio mbele yake: lazima urudi juu. Usiporudi, zima mota mpaka atengeneze mtu.

Kuna mtu akanambia mbona milango ya Mji Mkongwe ina zaidi ya miaka mia na hakuna aliyeiosha kwa ndoo. Nikamjibu ile ni miti, msaji na mfenesi, mingi hata bawaba haina, inazunguka kwa ncha zake juu na chini. Na njumu zake ni za shaba, haziliwi na kutu. Waliotengeneza walijua wanaishi wapi. Sisi tumeagiza chuma, basi tukihudumie kama chuma.

Ramadhani hii fundi rangi alipokuja na kopo lake nilimwambia aanze na brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane, apake rangi ya zinki ya kuzuia kutu, asubiri ikauke, ndipo aje na rangi ya juu. Akanitazama kama nimemtukana. Bei ikapanda mara mbili, nikakubali. Muda haukutosha. Sikukuu ilitukuta na mlango wa mabaka ya kijivu, na dada yangu, kabla hata ya kunipa mkono wa Idi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumefilisika.