Samaki mmoja akioza? Si kwenye kesi ya mauaji

Juzi pale Ngamiani, Tanga, kahawa ndiyo kwanza inamiminwa, jamaa mmoja akatangaza kwamba Mahakama ya Rufani ni kichochoro cha wauaji. "Wameshtakiwa pamoja, wamehukumiwa pamoja, leo wawili wanatoka, mmoja anabaki? Samaki mmoja akioza wote wameoza! Hapo pana mkono wa mtu." Baraza zima likaitikia.

Ndugu zangu, kushtakiwa pamoja si kuua pamoja. Sheria inataka nia ya pamoja: mlikubaliana kutenda uovu, na mauti yakatokana na uovu huo kwa namna iliyotarajiwa. Haya, leteni ushahidi. Mlionekana sokoni? Mlipigiana simu? Kwa mtindo huo nusu ya Ngamiani tungelala gereza la Maweni.

Linalonikera zaidi ni haya maelezo ya kukiri. Mshtakiwa wa kwanza anakiri kituoni, anawataja wa pili na wa tatu, basi mtaani kesi imekwisha. Sheria ya Ushahidi inaruhusu maneno ya mshtakiwa mwenza yazingatiwe, lakini inakataza mtu kutiwa hatiani kwa maneno hayo peke yake. Aliyebanwa ana sababu tele za kumvuta mwenzake: chuki, deni, hofu, kutaka mzigo umpungukie. Ndiyo maana kwenye rufani ya kwanza kutoka Mahakama Kuu majaji huupitia ushahidi wote upya, mshtakiwa mmoja mmoja. Ukiyaweka kando maneno ya mwenzake, huyu wa tatu amebakiwa na nini? Hakuna? Aende kwao. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, jamani. Hainyongwi orodha, ananyongwa mtu.

Na rufani haiachii tu. Mmeisahau kesi ya Zombe, yule ofisa wa polisi aliyeshtakiwa na wenzake kwa mauaji? Mahakama Kuu iliwaachia wote mwaka 2009; mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao. Mkono wa mtu ulikuwa likizo?

Sawa, wako wanaotoka na damu mikononi kwa sababu upelelezi ulifanywa ovyo. Inauma, na mama wa marehemu humwambii kitu. Ila hasira hizo mpelekeeni aliyeyachukua maelezo kinyume cha sheria, msimpelekee jaji aliyeyasoma.

Yule jamaa, kwa taarifa yenu, mwanawe ni bodaboda. Hubeba abiria usiku kucha, na sijapata kusikia kwamba huwauliza wanakwenda kufanya nini.