Bosi, nishikie hapo

Jamani mafundi pancha wa Igoma na Buhongwa, Mwanza, kile kichwa cha mpira wa upepo kisichojibana mtakitumia mpaka lini? Fundi anachuchumaa, anakikandamiza kwenye valvu kwa mkono mmoja, wa pili unatafuta geji, upepo unavuja fsss na kumrushia vumbi usoni. Kisha ananigeukia: "Bosi, nishikie hapo kidogo." Nimekuja kujaza tairi au kuomba kibarua?

Vya kujibana vipo. Unakichomeka, unalaza kishikio chake, kinang'ang'ania valvu chenyewe. Ila navyo vina mambo. Kama kompresa ina tangi na mpira hauna koki, chukua chenye kizibo ndani, kinachofunguka kikikaa kwenye valvu tu. Cha wazi kitakumwagia upepo wote hewani.

Halafu uzi wa kufungia kichwa kwenye mpira! Robo inchi ya BSP (kipimo cha uzi cha Uingereza) na robo inchi ya NPT (cha Marekani) zinafanana kwa macho, kumbe ya kwanza ina nyuzi 19 kwa inchi, ya pili 18. Ukilazimisha, inazunguka kidogo, inagoma, mtu anaiviringishia tepu nyeupe kama bandeji, na bado inavuja. Muuza spea naye hana habari: "Hiyo inaingia zote, kaka." Haiingii!