Mashine ya Kivuko Iliikubali Posa Kabla ya Wakwe

Najua mshasikia. Tangu juzi jioni simu yangu haina amani, na leo asubuhi nimepita stendi ya Bagamoyo kununua vocha tu, bodaboda nisiyemjua hata jina akanipungia mkono: "Bwana Salio, upo?" Hapo nikajua jamaa yangu keshamwaga mchele kwenye kuku wengi. Basi nasimulia mwenyewe, maana kisa chake kimetiwa chumvi ya kutosha kukaushia papa.

Kwanza tuwekane sawa. Hatukwenda kuposa kwa kadi ya pantoni, kama anavyotangaza huyo jamaa. Barua ilikuwepo, imeandikwa kwa mwandiko wa kalamu ya wino. Pesa ilikuwepo, noti mpya ambazo hazijawahi kukunjwa. Kadi ilizamia tu.

Mdogo wangu kapata mchumba Kigamboni. Ujumbe ukapangwa: baba mdogo, mjomba, shangazi, mshenga, mimi, na huyo jamaa yangu niliyemchukua kwa hisani abebe sinia. Kwa hisani, nasisitiza. Mimi nikapewa ushika fedha, kwa kuwa ukoo mzima unajua mkono wangu ni wa birika na hakuna senti itakayopotea njiani.

Wazee walitaka Noah. Baba mdogo alishaanza hadi kuchagua kiti cha kukaa. Nikawapigia hesabu: kukodi gari Bagamoyo mpaka Kigamboni na kurudi, dereva ale, dereva anywe, halafu mkipita Daraja la Nyerere getini nako kuna malipo. Wakati kuna kosta hadi Makumbusho, daladala hadi Kivukoni, na pantoni ambayo mtu mzima wa miguu anavuka kwa shilingi 200. Mia mbili! Siku hizi mia mbili unapata nini kingine? Wakanung'unika, lakini mwenye mfuko alikuwa mimi.

Sasa kuhusu kadi yenyewe. Nina N-Card, na wenzangu mtaani Dunda wananicheka nayo. "Hapa Bagamoyo utaigusisha wapi, kwenye mnazi?" Wacheke tu. Kadi hiyo ndiyo inayokuvusha kwenye kivuko cha Magogoni, na hiyohiyo ndiyo unaingizia tiketi ya mpira ukaingia nayo Uwanja wa Mkapa. Na kitu ambacho watu hawakitilii maanani ni kwamba kadi haiulizi jina. Ukigusisha, ikikatwa mia mbili, geti linafunguka, apite nani, hiyo ni shauri yako. Kwa hiyo watu sita wana haja gani ya kadi sita? Kadi moja, unasimama mlangoni, unawapitisha wazee mmoja mmoja, wewe unapita wa mwisho. Mahesabu hayo nayatetea mpaka kesho.

Nikaweka 1,200 kamili. Sita mara mia mbili. Ya kurudia tungeongeza kulekule, kwa sababu mimi sipendi pesa yangu ilale kwenye kadi wakati ingeweza kulala mfukoni kwangu. Na humohumo ndani ya kadi nilikuwa nimeshaweka tiketi yangu ya Yanga ya Jumapili, viti vya mzunguko. Ukoo unavuka, Wananchi, yaani Yanga yangu, wanashangiliwa, kadi ni moja. Nilijiona waziri wa fedha.

Tatizo lilianzia Makumbusho. Tulipokuwa tunashuka kwenye kosta, shangazi akaniona nimeishika kadi mkononi.

"We mtoto, mjini hapa! Wataikwapua. Lete."

Akaichukua, akaitia ndani ya kitambaa cha posa, juu ya barua na noti. Kitambaa cheupe, tarizi kaitia mwenyewe, mwezi mzima. Akafunga fundo. Juu ya fundo akafunga fundo. Juu yake akachomeka pini. Akasema, "Cha thamani kikae na cha thamani." Sikubisha. Shangazi yule ndiye aliyenilea, habishiwi.

Tukafika Magogoni. Anayeijua Magogoni Jumamosi asubuhi hahitaji maelezo. Jua limepamba moto, harufu ya samaki inatoka pale Feri, pikipiki zinanguruma kusubiri zamu, mikokoteni, wanafunzi, mama na ndoo zake, na sisi katikati tumevaa kanzu zilizopigwa pasi kwa ajili ya wakwe. Foleni inasukuma. Nikamgeukia shangazi.

"Shangazi, kadi."

Akakitazama kitambaa. Akanitazama mimi. "Kifungo cha posa hakifunguliwi barabarani. Ni mkosi. Kinafunguliwa kwa wakwe."

"Shangazi, watu mia wako nyuma yetu."

"Wangoje."

Hawakungoja. "Oya, songa!" "Mzee wa kanzu, vipi, unasali?" Nikaona isiwe tabu. Kadi inasoma hata kupitia pochi, itashindwa kitambaa? Nikaibeba posa ya mdogo wangu kwa mikono miwili, nikailaza juu ya mashine.

Mlio mmoja. Kijani.

Baba mdogo akapita, kanzu ikipepea. Na nyuma yangu sauti ya mama mmoja: "Imekubaliwa hiyoo!" Akapiga kigelegele. Sitanii. Nikainua, nikalaza tena, kijani, mjomba huyoo. Vigelegele. Mshenga. Vigelegele. Foleni nzima ishasahau haraka zake, watu wanasubiri posa ikubaliwe. Shangazi alipopita alipita kwa maringo kama yeye ndiye biharusi. Kijana mmoja anarekodi na simu. (Wewe kijana, kama unasoma hapa, nakuomba kistaarabu.)

Nikagusisha zamu ya jamaa yangu. Kijani. Jamaa na sinia lake akawa anajipanga kupita, maana sinia lilikuwa pana na lango jembamba, na katika kule kujipanga muuza pweza mmoja na ndoo yake akachomoka kando, huyoo, kapita na mia mbili yetu. Hakugeuka hata kusema asante. Nikagusisha tena, jamaa akapita.

Wale wa hesabu mshaelewa.

Nikabaki mimi. Nikailaza posa kwa heshima zote. Mlio ukawa mwingine. Nyekundu. Nikailaza tena, nikaigeuza, nikaibonyeza. Nyekundu.

"Posa imekataliwa!"

Lilikuwa kundi zima. Mwingine kutoka mbali kabisa: "Ongeza mahari, kijana!" Upande wa pili wazee wangu wanne wamesimama wananitazama kama mtu aliyekuja kuwaaga, na jamaa kakaa chini na sinia lake anacheka hadi machozi. Dada mmoja nyuma yangu akagusisha kadi yake kwa niaba yangu. Nikamtolea noti ya elfu tano, ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Akaniambia, "Nenda kaka, huo mchango wangu wa harusi."

Ndani ya pantoni hakuna aliyenisemesha isipokuwa baba mdogo, naye alikuwa anawahutubia abiria kwamba Wajerumani walituhamishia makao makuu Dar mwaka 1891, na leo Bagamoyo inakuja kuchukua chake. Ng'ambo si mbali, kwa hiyo hotuba haikuisha.

Mpaka hapo, wapenzi, ningekuwa mtu wa kuchekwa Magogoni tu, na Magogoni hawanijui. Yaliyonikuta mbele ndiyo yananinyima usingizi.

Nyumbani kwa wakwe tukapokelewa vizuri. Wanaume jamvini sebuleni, wanawake chumba cha ndani. Na shangazi akaenda na wanawake. Hapo roho ikaniruka, kwa sababu kitambaa kilikuwa kwenye sinia, sinia liko mbele ya mshenga, na fundo zile aliyezifunga ni shangazi. Nikanyoosha shingo mlangoni nikamkonyeza. Akadhani namuuliza kama kaletewa maji. Akaniitikia kwa kichwa: nimeletewa.

Mshenga akazungumza. Ni mwalimu mstaafu, Kiswahili chake kimenyooka, kasema ua, kasema bustani, kasema nyuki wa Bagamoyo kaliona ua Kigamboni. Kawaida barua hupokelewa, ikawekwa, jibu likaja siku nyingine. Mimi nilikuwa naiombea dua hiyo kawaida. Babu wa biharusi akavaa miwani.

"Sisi hapa hatupokei barua tusiyoisoma. Ifunguliwe."

Pini ikatoka. Akaiweka kando, taratibu, asije akaikalia mtu. Fundo la kwanza. Mikono ya mzee inatetemeka kidogo, kwa hiyo hakuna haraka. Nikamtazama jamaa yangu, naye ananitazama, na nilipoona midomo yake imeanza kukaza nikajua huyu hatafika mwisho bila kuniangusha. Fundo la pili. Kitambaa kikafunguka pembe moja, ikaanguka upande huu, pembe ya pili upande ule. Tarizi ya shangazi ikaonekana, mtu mmoja akasema mashaallah. Babu akaishika bahasha, akaiinua juu ili watu wote waione.

Kadi ikateleza.

Ikagonga ukingo wa sinia, *ta*, ikazunguka, ikalala chali katikati ya noti. Feni ilikuwa inasikika. Sikuwahi kujua feni ina kelele vile. Babu akaiokota kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na miwani, akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma. Akampa mzee wa kulia kwake. Mzee wa kulia akaisoma, akampa wa pili. Kadi yangu ikazunguka jamvi zima mkono kwa mkono, na kila aliyeipokea aliitazama, kisha akatutazama sisi.

"Na hii," babu akauliza, "ni ya nini?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mshenga, Mungu amzidishie, akakohoa kidogo.

"Hiyo, mzee wangu, ni njia. Kijana wetu anasema, baina ya Bagamoyo na Kigamboni pana maji. Basi yeye anataka njia hiyo iwe wazi daima. Biharusi akitaka kuja kuwasalimu wazee wake asizuiwe na kitu."

Jamani. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Maneno hayo." Babu akatabasamu, tabasamu la kweli, akaishika kadi ile kifuani. Mwili ukanirudia. Nikaanza hata kujivika kichwa kwamba labda wazo lilikuwa langu.

Ndipo kutoka pembeni, kwa sauti ya chini lakini inayofika kila kona, huyu mnayemsikiliza huko mitaani, huyu niliyemlipia nauli kutoka Bagamoyo, akasema:

"Ila haina salio."

Sijui nieleze vipi kicheko kile. Kilianzia kwa mzee wa kulia, kikaenda hadi chumba cha ndani, na wanawake walipopelekewa habari kikarudi upya. Bibi wa biharusi alitolewa nje apate hewa. Shangazi yangu naye alicheka, kisha nikamsikia anawahakikishia kwamba mimi nilikuwa hivi tangu mdogo.

Yaliyobaki ni mafupi. Posa imepokelewa, chai tumekunywa, vitumbua tumekula. Nilipomfuata babu pembeni kuomba kadi kwa adabu, akaniambia kilichoingia na posa hakitoki na mumewe wala na shemeji. Nikalazimika kununua kadi nyingine palepale ng'ambo ili ujumbe urudi, kitu ambacho mpango wangu wote ulikuwa wa kukikwepa, na safari hii niliwapitisha wazee nikiwa nimeitandaza mikono kuzuia wauza pweza. Tiketi ya Yanga? Jana kaka wa biharusi, Simba damu, kaingia nayo uwanjani. Kanitumia picha kakaa mzunguko katikati ya kijani na njano, kavaa fulana nyeupe, anacheka.

Leo saa nne ikaingia meseji ya mdogo wake biharusi. "Shikamoo shemeji. Bibi anataka kwenda Feri kununua samaki, kadi haina kitu. Namba yake si unayo?" Ninayo. Nikamwongezea kwa simu 400, kwenda na kurudi, nikajisemea ukwe ndio huo.

Dakika haikupita.

"Asante shemeji. Ila tuko watano."