Dola 200 za Captain Alex

Kila anayeizungumzia "Who Killed Captain Alex?" huanza na bei. Picha ya majambazi, makomando na kisasi, iliyopigwa Wakaliga, mtaa wa uswahilini jijini Kampala, kwa dola 200 hivi za Marekani. Wapo wanaosema hata hazikufika. Nabwana I.G.G. ndiye aliyeiandika, akashika kamera, akaihariri kwenye kompyuta alizoziunga mwenyewe. Kionjo chake kilipandishwa YouTube mwaka 2010, picha nzima ikafuata 2015, na tangu hapo imetazamwa na mamilioni ya watu. Naipenda sana picha hii. Ila hiyo bei, jinsi inavyoimbwa, inanikera.

Kisa chenyewe ni hiki. Kapteni Alex wa jeshi la Uganda anatumwa kulisambaratisha genge la Tiger Mafia lililoishika Kampala. Makomando wanamnasa ndugu wa bosi wa genge, Richard, naye Richard anaapa kulipiza. Kabla hajamtia Alex mkononi, Alex anakutwa ameuawa. Kwa sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, hapo kanuni imevunjwa: stelingi hafi! Ndugu yake Alex, Bruce U, bingwa wa kung fu, anaingia kumsaka muuaji. Makonde yanarushwa, helikopta inaishambulia Kampala, genge linasagwasagwa, Richard anatiwa pingu. Na aliyemuua Alex? Hatajwi mpaka picha inaisha.

Wanaoiponda wana hoja, tusiwabeze. Mtu anayelipiza kisasi bila kumjua aliyemkosea anabaki anapiga tu, na kweli katikati ya picha unasahau nani anamdai nani. Milipuko imebandikwa juu ya majengo kama stika. Lakini kinachowauma wengi wao ni kicheko cha watazamaji wa nje. Wanauliza: wale wa Marekani na Ulaya wanacheka pamoja nasi, au wanaucheka umaskini wetu?

Mimi jibu langu naanzia kwenye bunduki. Zitazame vizuri: mbao, mabomba na vyuma chakavu vilivyochomelewa. Mwigizaji anaitikisa kwa mikono yake mwenyewe ili ionekane inapiga, cheche zinawekwa baadaye kwenye kompyuta. Hakuna anayejaribu kukudanganya kwamba ni bunduki ya kweli. Sasa kumbuka huu ni mji ulioonja utawala wa Amin, kisha vita vya msituni vya 1981 hadi 1986. Nabwana, aliyezaliwa 1973, utoto wake wote umepita humo. Mtu wa namna hiyo akichagua bunduki ya mbao, akawafanya majirani zake wacheke mbele ya mtutu, sioni aibu yoyote hapo. Naona mtu anayejua anachokifanya.

Halafu kuna sauti ya VJ Emmie, mtafsiri anayepiga kelele juu ya picha mwanzo mwisho, akiwasifu makomando na kuwatania. Wageni wengi huichukulia kama kichekesho kilichobuniwa kwa ajili ya picha hii. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo: Tanzania tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, na Uganda hata neno kibanda wanalo. Kazi ya mtafsiri ilikuwa kumsogezea picha ya Kiingereza au ya Kichina mtu aliyeketi kwenye benchi asiyeelewa neno. Hapa mambo yamegeuka. Waigizaji wanaongea Kiluganda, mtafsiri anamwaga Kiingereza, na anayetafsiriwa ni mgeni. Nikiisikia sauti ile najiambia, angalau safari hii anayehitaji msaada si sisi.

Nirudi kwenye bei. Dola 200 zinatimia kwa sababu jasho la watu halikuhesabiwa. Waigizaji walijitolea, walichokuwa wakitegemea ni mgawo wa DVD wanazozitembeza wenyewe nyumba kwa nyumba, mbiombio kabla wezi wa kazi za watu hawajadurufu. Weka posho ya siku moja tu kwa kila aliyeanguka "amekufa" mle ndani uone kama hesabu itabaki palepale. Ni kweli, wangesubiri mfadhili, picha isingekuwepo, na hoja hiyo siwezi kuipinga. Lakini mwaka 2015 walipochangisha kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangia miradi, kwa ajili ya picha nyingine waliomba dola 160, wakapewa zaidi ya 13,000. Yaani watazamaji walikuwa tayari kulipa zaidi ya mara themanini ya walichoombwa. Basi tunaposifia kwamba Waafrika wanaweza kutengeneza sinema kwa hela ya mboga, tunamzoesha mnunuzi kuwa kazi yao ndiyo thamani yake hiyo.

Na ubahili huo umetugharimu kitu ambacho hakirudi. Nabwana hakuwa na mahali pa kuhifadhia, kwa hiyo alifuta mafaili ya Captain Alex ili apate nafasi ya kutengenezea kazi iliyofuata. Nakala iliyobaki ni hii yenye sauti ya VJ juu yake. Ile ya awali, ambayo unawasikia watu wa Wakaliga wakiongea Kiluganda chao bila mtu kuwakatiza, haipo tena.