Virusi vya migomba yetu vinafanana, na hiyo ndiyo habari yenyewe

Kuna baba mmoja wa Kabare, huku kwetu Kivu Kusini, alisimama kwenye mkutano wa wakulima, mimi nilikuwa nyuma kwenye benchi, akasema jambo ambalo mpaka leo linanizunguka kichwani. Watu wa laboratwari walifika kwenye shamba lake mara mbili, wakakata vipande vya majani ya mgomba, wakavitia kwenye bahasha, wakaandika namba, wakaenda zao. Jibu lililorudi ni kwamba virusi vya kwake vinafanana na vya jirani yake, vinafanana na vya ng'ambo ya mto Rusizi, vinafanana karibu na vya Afrika yote. Akauliza, sasa pesa yote hiyo imetumika kuniambia kitu gani? Mgomba wangu umedumaa, nauona kwa macho yangu, nipeni mbegu safi nipande. Watu walipiga makofi sana, na mimi nilipiga.

Njiani kurudi Bukavu ndipo nikaanza kuona kwamba tumelipigia swali makofi na jibu tukaliacha lipite.

Nianze na haki yake, kwa sababu anayo. Huu ugonjwa ambao maagronomu wanauita banchi topu hauhitaji mashine ili uujue. Majani ya juu yanasimama wima yamebanana kama ufagio, yanakuwa membamba, pembeni yanaingia umanjano, ukichunguza kikonyo cha jani unakuta vidoti na vistari vya kijani kizito, na mkungu hautoki, au ukitoka ni wa huruma. Hakuna dawa ya kupuliza inayoponya mgomba wenye virusi hivi. Kazi ni ile ile, viwe vya ukoo gani: unaua vidukari wanaoueneza, unang'oa shina na watoto wake wote, unapanda mbegu safi. Halafu kuna lile linalouma zaidi, kwamba majani yanachukuliwa Kabare au Walungu na matokeo yanaandikwa kwa Kiingereza kwenye majarida ambayo mwenye shamba hatayaona maisha yake yote. Na kung'oa si jambo dogo. Ghana walianza mwaka 1946, wakati wa Waingereza, kukata mikakao yenye virusi vya kuvimbisha matawi, mpaka leo imekatwa zaidi ya miti milioni 200, na hasira ya wakulima waliokatiwa miti bila kuelewa ilikuwa moja ya mambo yaliyochochea fujo za Accra mwaka 1948. Mtu akikatiwa mti wake bila kuelezwa, kesho hata ukimletea mti mzuri atakufungia mlango. Hayo yote ni ukweli na watafiti wetu wanapaswa kuyasikia bila kukasirika.

Ila kwenye hilo neno "vinafanana" naomba tukae kidogo.

Virusi hivi vina umbo la ajabu. Vile vinavyoua michungwa, vinavyoitwa tristeza, vina uzi mmoja mrefu wa herufi karibu 19,000, yaani zile alama za jeni ambazo laboratwari inazisoma moja moja. Hivi vyetu vya mgomba ni vipete sita vidogo, kila kimoja kina herufi kama 1,000 na kidogo, na kila kipete kina koti lake la protini peke yake. Mwaka 1994 watafiti wa Australia, Karan, Harding na Dale, walichukua kipete kimoja kutoka virusi vya nchi kumi wakavilinganisha herufi kwa herufi. Zikatoka koo mbili. Ukoo mmoja una Ufilipino, Taiwan na Vietnam. Ukoo wa pili una Australia, Fiji, Tonga, Samoa, India, Misri, na Burundi. Burundi, huyu jirani tunayemwona kwa macho tukisimama Kamanyola! Ndani ya ukoo mmoja tofauti ilikuwa kati ya asilimia 1.9 na 3 hivi, lakini kati ya ukoo na ukoo ilifika karibu asilimia 10. Baadaye vilipopimwa vya kwetu Kongo na vya nchi zingine za Afrika kusini ya Sahara vikaingia mule mule kwa ndugu za Fiji, na vyenyewe kwa vyenyewe vinakaribiana sana.

Sasa weka hiyo pembeni ya namba nyingine, ambayo kama ningekuwa na uwezo ningeiandika kwenye kila ukuta wa soko la Kadutu. Virusi hivi vinabebwa na kidukari wa mgomba, yule mdudu mdogo mweusi-kahawia anayejificha kwenye maganda ya shina. Huko Australia walipima kwa miaka, mgomba mpya ulioambukizwa uko umbali gani na ule ulioupa ugonjwa. Wastani ni mita 15 mpaka 17. Karibu theluthi mbili ziko ndani ya mita 20. Na 99 kwa 100 ziko ndani ya mita 86. Mita 86! Huo haufiki hata urefu wa uwanja wa mpira.

Fiji waliutambua ugonjwa huu mwaka 1889, Australia ulifika 1913, kwetu uliripotiwa Yangambi miaka ya 1950. Hakuna kidukari anayeruka kutoka Fiji mpaka Yangambi, na wala hakuna wa kuruka kutoka Uvira mpaka Katana, milima yote ile, kwa mita 86 mita 86. Kama virusi vingekuwa vimekaa Afrika maelfu ya miaka vinajibadilisha polepole, tungekuta kila bonde lina vyake. Hatukukuta hivyo. Tumekuta sura moja kila mahali, na sura moja kila mahali maana yake vimeingia mara chache, halafu vikasambazwa na mikono. Mikono yetu. Ni yule mtoto wa mgomba tunayempa shemeji akija kutembea, anayewekwa juu ya lori la Kamanyola kati ya magunia, anayebebwa na mama anapohama kijiji kwa sababu ya vita na hataki kuacha mbegu ya babu yake. Sisemi hili kumlaumu mtu yeyote, tunapeanaka mbegu kwa upendo, na ni desturi nzuri. Lakini jicho la yule baba, ambalo linaona vizuri kabisa mgomba umedumaa, haliwezi kumwambia kwamba ugonjwa ulikuja kwa mkono. Hilo limesemwa na zile herufi, na kwangu ni habari njema kuliko zote, kwa sababu mkono unaweza kuzuiliwa, lakini upepo hauzuiliki.

Wengine wananiambia sawa, tumeshajua, basi tuache kupima. Hapa ndipo naogopa kidogo. Zile koo mbili zikikutana ndani ya mgomba mmoja, vipete vyao vinaweza kuchanganyika, viwili vya huku na vinne vya kule, kwa sababu kila kimoja kina koti lake na kinaweza kujiunga na wenzake wapya. Huko Asia imeshaonekana. Leo hii sisi tuna ukoo mmoja. Siku mtu ataleta mche kutoka Asia, hata kwa nia nzuri, hata ndani ya proje ya maendeleo, tutajuaje kama hatupimi? Mgomba utadumaa vile vile na macho hayatatofautisha. Na kipimo cha laboratwari chenyewe kinatengenezwa kwa kufuata herufi za virusi tunavyovijua, herufi zikibadilika mahali pabaya kipimo kinasema mche ni safi, mkulima anaupeleka shambani kwa furaha.

Wa Hawaii wanaweza kutufundisha. Virusi vya madoa ya pete viliingia Puna mwaka 1992, kule ambako mapapai yao mengi yalikuwa yanalimwa, na mashamba yakaanza kufa. Timu ya Dennis Gonsalves ilikuwa tayari inatengeneza mpapai wenye kipande cha jeni ya virusi vyenyewe, na mwaka 1998 wakulima wakapewa papai linaloitwa Rainbow, likawaokoa kweli. Lakini jeni ile ilitoka kwenye virusi vya Hawaii, na Rainbow walipoijaribu na virusi vya papai kutoka nchi zingine, vingi viliishinda. Kwa hiyo siku tutaletewa mgomba unaostahimili banchi topu, swali la kwanza la kuuliza ni unastahimili virusi vya wapi.

Na hiyo "mbegu safi" tunayoiomba sisi wote, mimi pia, nayo ina hadithi yake. Kuna virusi vingine vya mgomba, vya michirizi, ambavyo herufi zake zimejishona ndani ya jeni za ndizi zenye ukoo wa balbisiana, mgomba wa mwituni, na makemba tunayokaanga yamo humo. Vimelala tu. Ukisumbua mmea, kwa mfano kwa kuuzalisha kwenye chupa za laboratwari au kwa kuuchanganya na aina nyingine, au ukame ukiupiga, vinaweza kuamka, na mche uliotoka kwenye chupa ukiwa safi kabisa unaugua bila kidudu chochote kuugusa. Mwaka 2019 timu ya Leena Tripathi wa IITA Nairobi, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, ilionyesha kwamba inaweza kukata herufi hizo ndani ya ndizi inayoitwa Gonja Manjaya, na mimea 75 kwa 100 kati ya iliyorekebishwa haikuonyesha dalili hata iliponyimwa maji. Hiyo isingewezekana kama hakuna mtu aliyekaa miaka kuhesabu herufi ambazo mkutanoni tunaona hazina kazi.

Tena niseme kidogo juu ya panga. Wengi huku wanachanganya banchi topu na mnyauko wa bakteria, ule ulioonekana Masisi mwaka 2001, kwa hiyo wanachoma panga kwenye moto kabla ya kukata. Kwa mnyauko wanafanya vizuri sana na waendelee. Kwa banchi topu panga halina kosa, haubebwi na panga.

Kwa hiyo mimi niko upande wa wanaopima, ila si kwa namna wanavyopima sasa. Kituo cha INERA Mulungu, cha utafiti wa kilimo wa serikali yetu, na kile cha IITA Kalambo viko hapo tu karibu na Bukavu. Majani yasichukuliwe tu pale mahali gari la proje linafika kirahisi, yachukuliwe Kamanyola na Uvira ambako miche inapita, na kwenye vitalu kabla hata mche mmoja haujauzwa. Na aliyetoa jani arudishiwe jibu kwa Kiswahili au Mashi, mtu aje akae naye amweleze, hata kama ni saa moja. Yule baba alirudishiwa neno moja tu, "vinafanana", bila mtu kumfungulia ndani kuna nini.

Wiki iliyofuata nilirudi kumwona. Tulikaa nje, akaniambia binti yake aliyeolewa Kamanyola ameahidi kumletea watoto wa migomba mvua za Septemba zikianza, aina yenye mkungu mkubwa. Nikamuuliza migomba ya huko ikoje. Akasema anayoiona yeye ni mizima, ya jirani ndiyo imedumaa. Nikamweleza zile mita 86, nikamwonyesha kwa kidole, kutoka mlango wake mpaka kwenye ule mti wa avoka na kuzidi kidogo. Aliangalia ule umbali kwa muda mrefu. Akauliza shamba la jirani wa binti yake liko mbali kiasi gani, akajijibu mwenyewe kwamba wametenganishwa na njia ya miguu tu. Halafu akamwita kijana wake ampigie dada yake simu, amwambie mwaka huu alete maharagi.